Juu ya Ugomvi wa Matawi

Mwezi wa Novemba, mwaka 2011, katika nyumba moja ya mazishi huko Kowloon, Hong Kong, niliombwa niligeuzie mgongo jeneza la mwanamke aliyenitunza kwa miaka mitatu kama mjukuu wake. Mshika ibada alitangaza kwa sauti kuu kuwa siku ile ilikuwa siku ya Joka, na kwamba wote waliozaliwa katika miaka ya Mbwa wageuke, wasitazame wakati kifuniko kinapofungwa. Mimi nilizaliwa mwaka 1982, na mwaka huo ni wa Mbwa. Nikageuka. Kwetu Tanga mtu aweza kunyimwa mengi, lakini ni nadra kunyimwa kumtazama maiti wake mara ya mwisho. Nilisimama nikiukabili ukuta wa rangi ya maziwa, na hasira ikinipanda kifuani.

Hasira ile imekwisha. Iliyobaki ni haja ya kuueleza ukuta ule, kwanza kwa nafsi yangu, kisha kwa msomaji ambaye huenda hajapata kusikia habari za matawi na ugomvi wao.

Wachina huhesabu wakati kwa mafungu mawili ya ishara yanayozunguka pamoja: mashina 10 ya mbingu na matawi 12 ya ardhi. Shina la kwanza huandamana na tawi la kwanza, la pili na la pili, na kuendelea hivyo hata jozi 60 zitimie, ndipo hesabu ianze upya. Jambo hili ni la kale mno. Jozi hizo zimekutwa zimechorwa katika mifupa ya ramli ya wafalme wa Shang, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, zikitumika kutaja siku. Baadaye zikatumika kutaja miaka, miezi na saa pia. Basi mtu anapozaliwa hupata jozi nne, yaani ya mwaka, ya mwezi, ya siku na ya saa. Jozi nne ni herufi nane, na kwa hiyo elimu ya kuzisoma huitwa elimu ya nguzo nne, au ya herufi nane. Wanyama 12 wanaojulikana na kila mtu, Panya, Ng'ombe, Simbamarara, Sungura, Joka, Nyoka, Farasi, Mbuzi, Kima, Jogoo, Mbwa na Nguruwe, ni nguo za nje za matawi yale. Ndani ya kila tawi mna asili mojawapo ya tano: mti, moto, udongo, chuma au maji.

Bibi yangu wa Hong Kong, ambaye kwa lugha yao nilimwita Poh-poh, alizaliwa Septemba mwaka 1933. Nilipokwenda kwake mwaka 2008 kuomba chumba, hali ni mwanafunzi mgeni, hakuniuliza dini yangu wala kiasi cha fedha niliyokuwa nayo. Aliniuliza mwaka wa kuzaliwa. Nilipomjibu, alipitisha kidole gumba juu ya viungo vya vidole vyake, kama wazee wetu wafanyavyo wanapohesabu uradi, akanyamaza kitambo, kisha akasema kuwa sufuria ya samaki isipikiwe wali. Nikafahamu kuwa nimekubaliwa. Miezi mingi ilipita kabla sijajua kwamba yeye alikuwa Jogoo, na kwamba katika hesabu zao Mbwa ni dhara kwa Jogoo. Nilichelewa zaidi kujua kuwa chumba alichonipa kilikuwa cha binti yake, ambaye naye alikuwa Mbwa, wa mwaka 1958.

Aliyenifunza haya ni jirani wa ghorofa ya chini, mzee aliyekuwa karani wa bandari katika ujana wake. Watu wote wa jengo lile walimwita Mwalimu, nami nikamwita hivyo. Hekalu la Wong Tai Sin halikuwa mbali, na pembeni mwake wamepanga mstari watabiri wengi, kila mmoja katika kibanda chake chenye namba na picha ya kiganja; lakini Mwalimu hakuwa na kibanda wala hakupokea senti. Alikuwa na penseli, na Kiingereza cha ofisini, na subira kubwa kwa mtu mwenye maswali.

Somo letu la kwanza lilikwama katika saa. Wachina wa kale waligawa usiku na mchana kwa saa 12, kila moja ikiwa sawa na saa zetu mbili, na ya kwanza, saa ya Panya, huanza saa tano ya usiku. Mwalimu akataka saa yangu. Nikampigia simu mama yangu Tanga, naye akanijibu kuwa nilizaliwa baada ya jogoo wa kwanza na kabla ya adhana ya alfajiri. Kwa Waswahili jibu hilo latosha. Kwa Mwalimu halikutosha, maana laweza kuwa saa ya Simbamarara, nalo laweza kuwa saa ya Sungura, na hao ni maisha mawili mbalimbali. Kisha akaniuliza Tanga iko wapi. Nilipomwambia kuwa iko kusini mwa ikweta, akaweka penseli chini, kwa sababu miezi ya hesabu ile imejengwa juu ya majira ya kaskazini: mwezi wa Simbamarara, unaoanza karibu na tarehe 4 Februari, ni mlango wa masika yao, miti inapochipua baada ya baridi. Kwetu sisi Februari ni jua kali la kaskazi. Wataalamu wenyewe hubishana kama mzaliwa wa kusini ahesabiwe vivyo hivyo au ageuziwe miezi. Tukakubaliana kuziacha nguzo zangu, tujifunze kwa nguzo za wengine. Huo ulikuwa mwanzo mwema, maana mtu asiye na hesabu yake mwenyewe mezani husikiliza kwa utulivu zaidi.

Yapange matawi 12 kwa duara kama tarakimu za saa. Yanayoelekeana hugongana. Panya hugongana na Farasi, Ng'ombe na Mbuzi, Simbamarara na Kima, Sungura na Jogoo, Joka na Mbwa, Nyoka na Nguruwe. Sababu si tabia za wanyama hao. Tawi la Panya ni maji katika kilele cha baridi, na la Farasi ni moto katika kilele cha joto. Jogoo ni chuma cha vuli, na Sungura ni mti wa masika. Kila moja limesimama mahali ambapo lingine haliwezi kuwapo. Wang Chong, mwanafalsafa aliyezaliwa mwaka 27, aliwacheka watu wa zama zake waliochukua wanyama kwa hakika: ikiwa maji hushinda moto, aliuliza, mbona panya hamfukuzi farasi, na mbona jogoo hamdonoi sungura? Swali lake halijapata jibu hata leo. Wenye elimu hii wamelipita pembeni kwa kusema kuwa wanyama si kitu, kitu ni majira.

Lakini watu wa kawaida wameshika wanyama, na hapo ndipo hatari ilipo. Kwa kuwa wanaoelekeana wametengana kwa nafasi sita, imekuwa desturi kwa wazazi wengi kuogopa ndoa ya watu waliopishana miaka sita. Wazazi hao hawajui nguzo nne, bali wanajua kuhesabu hadi sita. Hesabu ya kuzaliwa ikishaingia katika nyumba za watu huweza kufanya kazi kubwa bila kuwa kweli. Huko Ujapani, ambako kalenda hii ilifika zamani, mwaka 1966 ulikuwa mwaka wa Farasi wa moto, na iliaminiwa kuwa mwanamke wa mwaka huo huwaangamiza waume. Watoto waliozaliwa mwaka 1965 walikuwa zaidi ya milioni 1.8, mwaka 1966 walipungua hata wakawa kama milioni 1.36, mwaka 1967 wakapanda tena kupita milioni 1.9. Huo si mgongano wa matawi, ni moto juu ya moto, lakini wapimwa kwa mizani ile ile.

Msomaji asidhani nawacheka Wachina na Wajapani. Bibi mzaa mama yangu hakukubali posa yoyote kabla herufi za majina ya wachumba, na za majina ya mama zao, hazijahesabiwa kwa abjadi na kuangaliwa katika buruji 12, huyu awe nyota ya moto, yule ya maji. Sisi pia twasema kuwa nyota zao hazipatani, nasi pia twalisema neno hilo mara nyingi zaidi wakati sababu halisi haitamkiki.

Juu ya mgongano Mwalimu hakuwa na hofu hata kidogo. Mgongano, alisema, ni mwendo. Katika herufi nane zisizogongana popote maji hayatikisiki, na maji yasiyotikisika huota ukungu. Kuna matawi manne ya udongo, Joka, Mbwa, Ng'ombe na Mbuzi, ambayo huitwa ghala, kwa kuwa kila moja limefungia kitu ndani yake. Na baadhi ya wenye elimu husema kuwa ghala haifunguki ila kwa kugongwa. Alipenda zaidi mgongano wa Joka na Mbwa. Wote wawili ni udongo. Mtu akiwatazama kwa nje atasema ni ndugu. Lakini Joka amefungia maji tumboni, na Mbwa amefungia moto, na wakigongana si udongo unaoumia, ni vile vilivyofichwa. Akaniambia haya bila kutaja mtu, akinyanyua macho kidogo kuelekea dari, yaani kuelekea nyumba ya Bibi. Mume wa Bibi, aliyefariki mwaka 1994, alizaliwa mwaka 1928. Alikuwa Joka.

Sasa nafika katika jambo lililonifanya nikae na elimu hii miaka yote hii, nalo ni dhara. Wengi hulitaja dhara kwa haraka, kama mgongano mdogo. Mimi naliona kuwa wazo lenye akili kupita yote katika elimu hii. Kila tawi lina mwenzi mmoja wa mapatano. Mwenzi wa Jogoo ni Joka. Mwenzi wa Mbwa ni Sungura. Sasa tazama: Mbwa hugongana na Joka. Hana ugomvi wowote na Jogoo. Huenda hata anampenda. Lakini kwa kumsukuma Joka amemwondolea Jogoo mwenzi wake, na hilo ndilo dhara. Nalo hurudi upande wa pili vile vile: Jogoo hugongana na Sungura, na kwa kumsukuma Sungura amemwondolea Mbwa mwenzi wake. Kwa hiyo adui wa mgongano hukuelekea uso kwa uso, na mwenye dhara hukutenga na umpendaye, aghalabu pasipo kukutazama wewe kabisa.

Mwaka 1981 binti yake Bibi, akiwa na miaka 23, alitaka kuolewa na mwanamume wa mwaka 1951. Mwaka 1951 ni wa Sungura. Mtabiri mmoja wa siku hizo aliwaambia wazazi kuwa Sungura akiingia katika nyumba yenye mama Jogoo, nyumba itavunjika. Baba akakataa kwa ukali. Mama akakataa kwa kunyamaza. Binti akaolewa bila radhi yao, akahamia Sha Tin, safari isiyofika saa nzima kwa gari la moshi. Baba alikufa bila kusema naye tena. Mama na binti walibaki na simu moja kila mwaka mpya, ya kuulizana afya.

Jioni moja Mwalimu alinichorea mraba. Kona moja akaandika Joka, ya pili Jogoo, ya tatu Mbwa, ya nne Sungura. Akavuta mistari. Joka na Jogoo, mapatano: baba na mama. Mbwa na Sungura, mapatano: binti na mchumba wake. Joka na Mbwa, mgongano: baba na binti. Jogoo na Sungura, mgongano: mama na mkwe. Jogoo na Mbwa, dhara. Joka na Sungura, dhara. Kati ya watu wanne hupita nyuzi sita, wala hapana uzi mmoja uliobaki mtupu. Nilishika kichwa. Ilionekana kama kwamba watu wale wanne waliandikwa kabla ya kuzaliwa.

Mwalimu hakuvutwa na mshangao wangu. Hii ni miaka tu, alisema, na mwaka ni mlango wa barabarani. Mtu halali mlangoni. Hapo akanieleza kwa ufupi historia ambayo nimeisoma baadaye kwa urefu. Katika enzi ya Tang alikuwapo Li Xuzhong, aliyefariki mwaka 813, naye alisifiwa na Han Yu, mwandishi mkubwa, kuwa stadi wa kupima maisha ya mtu kwa siku ya kuzaliwa. (Huyo huyo Han Yu amemtaja Li Xuzhong miongoni mwa watu waliokufa kwa kunywa dawa za kutafuta uhai mrefu, sijaona bado mtabiri anayeanza hadithi na sehemu hiyo.) Zamani hizo uzito ulikuwa katika mwaka. Baadaye njia inayoitwa kwa jina la Xu Ziping ikauhamisha uzito, ikafanya shina la siku kuwa mtu mwenyewe, na tawi la siku kuwa mahali pa mke au mume, na mwezi kuwa mahali pa wazazi. Kwa hiyo mtu anayevunja uchumba kwa mwaka peke yake anatumia chombo ambacho mafundi wenyewe walikiweka chini karne nyingi zilizopita. Mtabiri wa mwaka 1981 alikuwa mvivu, alisema Mwalimu, na uvivu wake ulikula miaka 30.

Nikamwuliza: je, kama angepima herufi zote nane? Akacheka. Angepata sababu nyingine, alisema, maana aliulizwa na watu waliokwisha kukataa.

Baki adhabu, ambayo ni ngumu zaidi kuipata, nami nitaipitia upesi ila mahali pamoja. Matawi hushirikiana matatu matatu kwa asili: Kima, Panya na Joka ni shirika la maji, Nguruwe, Sungura na Mbuzi la mti, Simbamarara, Farasi na Mbwa la moto, Nyoka, Jogoo na Ng'ombe la chuma. Ukiyaweka mashirika haya mbele ya matawi ya pande nne za dunia, kwa mpango maalumu, kila tawi huangukia lingine, na huko linakoangukia ndiko linakoadhibiwa. Panya huangukia Sungura, na jambo hilo huwasumbua wafafanuzi, maana maji ni mama wa mti. Nayo huitwa adhabu ya kukosa adabu, ya wazazi na wana wasioweka mpaka kati yao. Manne kati ya matawi hayaangukii mwingine yeyote. Joka, Farasi, Jogoo na Nguruwe huziangukia nafsi zao. Husemwa kuwa hao hujiadhibu.

Si wote wanaokubali haya. Kitabu cha Ditian Sui, chenye heshima kubwa katika elimu hii, hukiri uzito wa mgongano na kuyaacha adhabu na dhara nusu mlangoni. Na mfafanuzi wake wa enzi ya Qing, Ren Tieqiao, aliona kuwa ni upuuzi kusema kitu kinaadhibiwa na kitu cha asili yake mwenyewe. Wang Chong angefurahi. Lakini siku moja nilimweleza Mwalimu kuwa Bibi alizaliwa Septemba baada ya tarehe 10, na akakunja uso. Mwezi huo ni mwezi wa Jogoo. Jogoo katika mwaka, Jogoo katika mwezi: chuma juu ya chuma. Akauchukua ule mraba wake, ambao nilikuwa nimeuhifadhi katika daftari, akautazama, akasema kwa sauti ya chini kuwa hapakuhitajiwa Mbwa.

Nilikuwa nimeyaona hayo kwa macho yangu bila kuyajua jina. Kila mwaka mpya Bibi alikuwa akiikalia simu kutoka asubuhi, akiwa amevaa nguo nzuri. Nayo ilipolia aliiacha ilie mara nne kabla ya kuishika. Alizungumza dakika mbili, akaiweka chini, kisha akashinda akisugua sufuria ambazo zilikuwa safi.

Mwaka 2011 ulikuwa mwaka wa Sungura. Almanaki nyekundu, ile iliyoning'inia kwa uzi jikoni mwake na kuandika kila siku yafaayo na yasiyofaa na mnyama anayegongwa, ilimwonya kuwa mwaka wote ungemgonga. Alikwenda hekaluni kuridhisha mungu wa mwaka, akarudi na karatasi aliyoibandika mlangoni. Mwezi wa Oktoba akaugua. Wapo watakaosema kuwa hesabu ilithibitika. Mimi nasema kuwa mtu mmoja katika kila 12 ni Jogoo, na Majogoo wengi wa 1933 waliuvuka mwaka ule wakila tambi na kucheza karata. Mwalimu mwenyewe hakudai lolote. Aliposikia habari alikwenda kumnunulia Bibi machungwa.

Binti alikuja hospitali siku ya pili, akaja kila siku kwa wiki tatu. Kwa kuwa mama yake nilimwita Bibi, yeye nilimwita Shangazi. Mama na binti walizungumza juu ya uji, juu ya mto wa kitanda, juu ya muuguzi mmoja aliyekuwa na mikono baridi. Mimi, kwa ujinga wa kijana aliyejifunza kitu kipya, nilidhani ninayo dawa. Siku moja kwenye ujia wa hospitali nilitoa ule mraba nikamwonyesha Shangazi. Nilimweleza dhara kama nilivyoelezwa: kwamba mama yake hakumchukia, bali alimgonga Sungura tu, kwamba yeye naye hakumdhuru mama yake kwa makusudi. Alisikiliza hata mwisho. Aliutazama mraba, nyuzi zote sita, akanirudishia.

"Mwanangu," alisema, "katika karatasi hii hapana mtu aliyekosa."

Nilidhani ananisifu. Niliitikia kuwa ndiyo, huo ndio uzuri wake. Akanitazama kwa huruma, akaingia chumbani kwa mama yake, nami nikabaki na karatasi.

Nimelipima neno lile miaka mingi. Mtu aliyechoka kulaumu na kulaumiwa hupata kivuli chini ya matawi haya. Ugomvi wake hupewa jina, na jina hilo si lake wala si la adui yake. Nami nakiri kuwa kwa msaada wa dhara nimewaelewa watu wengi, hata jamaa zangu wa Tanga, ambao singewaelewa kwa njia nyingine. Lakini Shangazi alikuwa akidai kitu, na kitu alichodai hakimo katika duara: alitaka mtu mmoja aseme, nilikosa. Baba alikwenda bila kulisema. Mama alikuwa amelala nyuma ya mlango ule akizungumza juu ya uji. Nami, mpangaji wa chumba chake, nilimletea uthibitisho kwamba neno hilo halina haja ya kusemwa.

Sijui kama lilisemwa katika siku za mwisho. Sikuuliza, wala haikunipasa.

Siku ya mazishi iliteuliwa kwa almanaki, ikaangukia Joka. Mshika ibada alipotangaza kuwa Mbwa wageuke, aliongeza kwa upole kuwa wana wa marehemu hawakulazimishwa. Wakitaka kutazama, watazame. Nilimwona Shangazi, katika nguo zake nyeupe za matanga, akisita. Kisha akaja akasimama karibu nami, bega kwa bega, uso kwa ukuta. Tulikuwa sisi wawili tu.

"Leo ni mnyama gani?" aliniuliza, ingawa alikuwa amesikia.

"Joka, Shangazi."

"Baba," alisema, akacheka kidogo puani, na kicheko kile kikageuka kikawa kitu kingine, nikamshika mkono.

Nyuma yetu tulisikia watu wakisogea, na mbao zikikutana. Mumewe, Sungura yule aliyekatazwa kuingia nyumbani, alikuwa amesimama mbele ya jeneza, kwa kuwa siku ya Joka haikuwa na neno naye. Nilimsikia akivuta pumzi kila alipoinama, mara tatu.

Tulipoambiwa tugeuke, kazi ilikuwa imekwisha. Mlangoni kila mtu alipewa bahasha nyeupe yenye kitambaa cha karatasi, peremende moja na sarafu moja. Peremende huliwa na sarafu hutumiwa kabla ya kufika nyumbani. Shangazi alifungua peremende yake, hakuila. Alimwuliza mumewe mama alikuwaje.

Mumewe alifikiri, kama mtu anayetaka kutoa hesabu sahihi. Alisema nywele zilichanwa vizuri, na mikono ililazwa vizuri. Kisha akasema kuwa midomo walimpaka rangi nyekundu kupita kiasi, na kwamba yeye mwenyewe asingelikubali, angewarudisha wakaipanguse. Shangazi akasema, ndivyo, asingelikubali. Akatia peremende kinywani, tukatoka nje kutafuta duka la kutumia sarafu.